Dirisha Namba Nne

Mwezi wa sita, Mtwara mjini.
Mikorosho imeanza kuchanua
na ubwiriunga umekwisha kuinusa.
Bwana Mchopa kasimama mbele ya kioo changu,
ankara ya salfa mkononi, imekunjwa mara nne,
tarakimu zake zote za kigeni.
Shilingi anazo. Kazibeba kwenye mfuko wa mbolea,
zimefungwa raba, zinanuka moshi wa jikoni.
"Dada, chukua zote. Nipe dola."

Nami namjibu tulivyoagizwa kujibu:
"Jaza fomu. Tutakupigia."

Hakuna mwizi aliyeingia. Kasha letu limejaa,
ila limejaa kisichopokelewa melini.
Ukwasi: bibi yangu alilijua neno hili,
kwake mkwasi alikuwa mwenye nacho, basi.
Mimi nimefunzwa kazini maana ya pili:
kuwa nacho saa hii kinapodaiwa,
na kwa sura ile ile kinayodaiwa.
Mwenye ekari arobaini
aweza kulala na mboga isiyo chumvi.

Na mzunguko wenyewe hata mtoto anauona:
dola huletwa na korosho, Novemba,
korosho huletwa na salfa, Juni,
salfa huletwa na dola.
Tumesimama Juni tukikopa
kwa Novemba ambayo haijazaliwa.

Mimi mtu wa Newala,
juu, ambako maji yako bondeni
na kichwa cha mwanamke ndilo bomba.
Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kisima cha saruji.
Masika majirani wasio na kisima
walileta madebe yao, wakamimina mle mle,
na mama akachora mkaa ukutani:
Somoe sita. Binti Likokola kumi. Nambuta mawili na nusu.
Maji hayana jina yakishachanganyika,
mkaa ndio wenye majina.
Mengine mama alimwazima fundi wa matofali,
atarudisha mvua zikirudi.

Kisha uvumi: kisima cha Mama Zamda kimepasuka.
Alfajiri, wanawake tisa, ndoo tisa.
Mama hakuapa, hakufoka.
Alifungua mfuniko wote,
akamchotea Somoe madebe yake sita, ya saba nyongeza,
huku akimuuliza habari za mtoto na surua.
Wa nne alipopata, wa tano akapiga miayo:
"Aa, mimi nitakuja Jumamosi."
Wakatawanyika.
Mimi ndiye niliyeshika kandili.
Niliona sakafu.

Jumanne hii simu za watu zimelia soko zima:
benki ya pale haina dola, wahini.
Kufika saa tatu foleni imetoka nje ya mlango,
imepita mashine, imefika kwa muuza karanga.
Meneja, Bi Nandonde, kaniinamia sikioni:
"Lipa. Usihesabu mara mbili. Tabasamu."

Wa kwanza muuguzi mstaafu, mia nane.
Nikampa noti mpya, za vichwa vikubwa,
nikamuuliza habari za goti.
Wa pili. Wa tatu. Kijana mmoja
akazishika zake, akazitazama kwenye mwanga,
akaona haya, akazirudisha ziwekwe tena.
Nyuma yake foleni ikalegea kama kamba iliyofunguliwa ng'ombe.
Nikafunga droo kwa goti
asije mtu akasikia inavyolia ikiwa tupu.

Jioni Benki Kuu walituazima, tukapumua.
Gazeti halikuandika kitu,
na hiyo ndiyo sifa ya kazi hii:
ikifanyika vyema, haikutokea.

Lakini dola alizozirudisha yule kijana
zingetosha ankara iliyokunjwa mara nne.
Fomu ilikuwa pale, chini ya kikombe changu cha chai,
na Bi Nandonde alisema, si wiki hii,
wiki hii tunalinda sakafu.

Novemba Bwana Mchopa alikuja na shilingi chache,
safari hii kwenye bahasha.
Hakuniuliza kitu.
Nilizihesabu mara mbili.